Joto halipigi hodi

Nilipopanda ngazi jioni ile nilikuwa nakwenda kurudisha bakuli tu. Bibi anayeishi ghorofa ya juu kabisa ya jengo letu alikuwa amekaa kitini, madirisha yamefungwa, shuka begani, na alinipokea kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Ilikuwa siku ya nne ya joto ambalo halikushuka hata usiku. Nikamwamkia, nikamuuliza hali. "Njema tu, mwanangu," akajibu, kisha akataka kujua kama baba amesharudi kazini. Baba yake alikufa kabla mimi sijazaliwa. Nikamshika mkono, nikashtuka. Ngozi ilikuwa kavu kabisa, ya moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Hakuwa na hata tone la jasho.

Nilipiga simu ya dharura, nikafungua madirisha, nikalowesha mashuka kwa maji baridi nikamfunika nayo, nikamwekea vitambaa vya maji shingoni na kwapani, nikampepea kwa jalada la kitabu mpaka mikono ikafa ganzi. Sikumnywesha chochote, maana alikuwa anasinzia na angeweza kupaliwa. Alipona. Alilazwa siku tano, akarudi nyumbani amekonda, na anakumbuka kila kitu isipokuwa jioni hiyo.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimechapisha makala ndefu kuhusu joto kali na mabadiliko ya tabianchi. Niliiandika kwa moyo wote. Ilikuwa na takwimu za barafu inayoyeyuka kwenye ncha za dunia, mkusanyiko angani wa hewa ukaa, ile gesi inayotoka tukichoma mafuta na makaa ya mawe na kuzuia joto lisitoke duniani, na aya ya mwisho ya kuwahimiza watu wachukue hatua. Mjukuu wa bibi alikuwa amemsomea yote kwenye simu. Alipopata nafuu aliniambia, bila kunilaumu: "Uliandika vizuri sana. Lakini hukuniambia kwamba sitasikia kiu."

Kweli sikumwambia. Nilikuwa nimeieleza sayari nzima nikamsahau mtu aliye ndani ya chumba. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza jinsi maandishi yanavyoweza kumfanya mtu aamini hatari asiyoiona, na nimefikia jibu moja ambalo nitalieleza hapa kadiri niwezavyo. Linahusu msomaji tunayemchagua.

Tuanze na mwili, maana huko ndiko hatari ilipo. Joto la ndani la mtu mwenye afya ni nyuzi 37 hivi, na mwili haukubali lipande sana. Nje kukizidi kuwa moto, moyo husukuma damu nyingi kuelekea kwenye ngozi ili ikapoe huko, na jasho hutoka. Wengi tunadhani jasho lenyewe ndilo linalopoza. Kinachopoza ni kukauka kwake: tone linapogeuka mvuke huondoka na joto la ngozi. Hewa ikijaa unyevu, tone halina pa kwenda. Linateleza mgongoni, linalowesha nguo, na mwili unabaki na joto lake huku maji yakiisha. Moyo unazidi kukimbia. Damu iliyokwenda kwenye ngozi imetolewa mahali fulani, na figo na matumbo ndiyo yanayopungukiwa. Joto la ndani likivuka nyuzi 40 ubongo nao huanza kuvurugika. Mtu husema maneno yasiyoungana, hukasirika bila sababu, hujitanda shuka ndani ya chumba kinachochemka.

Kwa mzee haya yote hutokea kwa ukimya zaidi. Hisia ya kiu hupungua kadiri umri unavyosonga, tezi za jasho hulegea, na baadhi ya dawa huzidi kuudhoofisha ulinzi huo, kwa mfano zile za kupunguza maji mwilini kwa wenye shinikizo la damu na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. (Siandiki hili ili mtu aache dawa zake. Naliandika ili amuulize daktari kabla ya msimu wa joto kuanza.) Kwa hiyo yule ambaye yuko hatarini zaidi ndiye ambaye mwili wake haumpigii kengele. Na kengele ikija kulia, akili ya kuisikia imeshaanza kuondoka.

Hebu sasa lisome tangazo la joto kama linavyoandikwa siku zote: "Wananchi mnashauriwa kuchukua tahadhari." Nimelisoma mara nyingi na mimi mwenyewe nimewahi kuliandika. Ukilifungua ndani hamna kitu. Wananchi gani? Tahadhari ipi? Saa ngapi? Na hata tukiijaza ile tahadhari kwa mambo ya maana, kama kunywa maji, kukaa kivulini na kuepuka kazi nzito, bado tunamwandikia mtu ambaye hatari yenyewe itamnyang'anya uwezo wa kutii. Ni sawa na kumwachia barua mtu aliyelala, ukimwomba aamke.

Hapo ndipo nilipoona kosa la makala yangu. Onyo la joto halipaswi kuandikiwa mgonjwa peke yake. Liandikiwe jirani. Liandikiwe mjukuu, mwenye nyumba, msimamizi wa wajenzi, mwalimu wa michezo, muuguzi wa zamu ya usiku. Liandikiwe mtu ambaye akili yake bado imetulia na miguu yake inaweza kupanda ngazi.

Mwishoni mwa Juni 2021, huko British Columbia, Kanada, kulitokea joto ambalo watu wa kule hawakuwa wamewahi kuliona. Tarehe 29 Juni kijiji cha Lytton kilifikia nyuzi 49.6, rekodi ya nchi nzima, na siku iliyofuata moto ukakiteketeza karibu chote. Picha za Lytton ikiungua zilizunguka dunia. Lakini moto ule uliua watu wachache. Joto lenyewe liliua 619 katika jimbo hilo, kwa hesabu ya ofisi ya jimbo inayochunguza vifo, na uchunguzi huo ulionyesha kwamba asilimia 98 kati yao walipatwa ndani ya majengo. Theluthi mbili walikuwa na umri wa miaka 70 au zaidi. Zaidi ya nusu walikuwa wakiishi peke yao. Hivyo ndivyo joto linavyoua: mlango umefungwa, pazia limeshushwa, pengine feni inazunguka na kusukuma hewa ileile ya moto.

Kamera haiingii mle. Mafuriko yana picha, kimbunga kina picha, ukame una ardhi iliyopasuka. Joto halina. Ndiyo maana magazeti hukimbilia ufukweni. Watafiti waliochunguza picha zilizoambatana na habari za joto kali la mwaka 2019 katika nchi kadhaa za Ulaya walikuta maneno yakisema hatari na picha zikisema raha: watu wakiogelea, watoto wakirushiana maji. Msomaji hutazama kwanza, husoma baadaye, na wengi hawafiki kwenye kusoma. Mimi siamini kwamba wahariri wale walikuwa na nia mbaya. Walitafuta sura ya joto wakakuta sura pekee inayopigika.

Kazi ya kuingia chumbani inabaki kwa maneno. Naamini hapa ndipo maandishi yana nguvu isiyo na mshindani, na ndipo tunapoitumia kidogo mno. Sentensi moja inaweza kukaa na mtu tangu saa nane mchana hadi saa tisa usiku, ikamwona anavyosogeza kiti kutoka ukutani kwa sababu ukuta unatema joto ulilolinywa mchana kutwa. Inaweza kuiona glasi ya maji iliyojazwa asubuhi, bado imejaa. Maelezo ya namna hiyo si mapambo. Humpa msomaji macho atakayokwenda nayo kwa jirani yake, na akiiona glasi ile atajua anaangalia nini.

Lugha yetu yenyewe inatusaidia, ingawa wakati mwingine inatupoteza. Tukitaka kusema joto ni kali, tunalitaja jua: jua kali, jua linawaka, jua la utosi. Maneno haya yote yanainua kichwa kutazama juu mchana. Mtu akiyasikia hujikinga kweli, huvaa kofia, hutafuta kivuli, na saa kumi na mbili jua likizama hupumua akidhani yameisha. Kumbe usiku ndio unaoamua. Mwili uliochoshwa mchana huhitaji saa za ubaridi ili moyo upumzike, na usiku usipopoa, kesho huanza na deni la jana. Tuna neno la hali hiyo, na tunaliweka kwenye mazungumzo ya kawaida tu: fukuto. Fukuto halihitaji jua. Fukuto hukaa chumbani, hukaa kwenye godoro, hushika koo. Nimeacha kuandika "jua kali" ninapoonya kuhusu siku mfululizo za joto. Naandika "fukuto la usiku", na nimeona wasomaji wakiuliza maswali ambayo awali hawakuyauliza.

Neno jingine linalonisumbua ni "kiharusi cha joto", jina la hali ya mwili kuzidiwa na joto. Wengi wakisikia kiharusi hufikiria upande mmoja wa mwili kupooza na mdomo kwenda kombo, na wasipoyaona hayo husema si chenyewe. Mimi hueleza hali: mwili wa moto, maneno yamechanganyika, pengine jasho limekatika, pengine bado linatoka. Mtu wa kawaida hahitaji jina la ugonjwa ili aokoe maisha. Anahitaji dalili anayoweza kuigusa.

Takwimu nazo zina kazi yake, lakini huchoka haraka. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2019 joto liliua watu wapatao 489,000 kila mwaka. Nikiiandika hivyo, jicho linapita juu yake. Nikiigawa kwa siku, inakuwa zaidi ya watu 1,300 leo, na 1,300 wengine kesho. Inasogea karibu kidogo, kisha nayo inapoa. Na kuna tatizo kubwa zaidi: vifo hivi havina jina la joto. Cheti husema moyo, husema figo, husema mapafu. Joto hujulikana baadaye tu, wataalamu wanapolinganisha idadi ya waliokufa wiki ile na idadi ya kawaida ya wiki kama ile, kisha wakaona pengo.

Pengo hilo ni rahisi kubishiwa. Chicago, Marekani, Julai 1995, joto lilipofika nyuzi 41, maiti zilikuwa nyingi kiasi kwamba malori ya friji yaliegeshwa nje ya jengo la mchunguzi mkuu wa vifo, Edmund Donoghue. Bado meya, Richard M. Daley, alitilia shaka hadharani hesabu ya vifo ambavyo Donoghue aliviandika kuwa vya joto. Hesabu za baadaye za vifo vilivyozidi kawaida ziliupa ukweli wote upande wa Donoghue, na hata zikaongeza: watu 739. Ninapofikiria nguvu ya kushawishi huwa narudi kwenye malori yale. Hoja ya meya ilikuwa ya maneno, na waliojibu vizuri zaidi walikuwa wale walioeleza tu kilichoegeshwa nje ya jengo, na kwa nini.

Ufaransa ilipoteza watu wapatao 15,000 mwezi Agosti 2003. Idadi hiyo ninaijua kwa miaka mingi na haikuwahi kunilaza macho. Kilichonilaza macho ni kusoma kwamba tarehe 3 Septemba mwaka huo, katika makaburi ya Thiais karibu na Paris, walizikwa watu 57 ambao hakuna ndugu aliyejitokeza kuwachukua, na rais wa nchi, Jacques Chirac, alisimama pale kwenye mazishi. Hamsini na saba. Idadi ya abiria wa basi moja. Mtu mmoja mmoja alikuwa na ufunguo wake, kiti chake, dirisha lake. Hapo nchi nzima ilielewa kwamba swali halikuwa nyuzi ngapi, lilikuwa nani alipaswa kugonga mlango. Mwaka uliofuata ukawekwa mpango wa taifa wa joto kali, na ofisi za serikali za mitaa zikatakiwa kuwa na orodha ya wazee na wagonjwa wanaoishi peke yao ili wapigiwe simu na kutembelewa. Joto kubwa liliporudi Julai 2006, vifo vilikuwa pungufu kwa maelfu kuliko ilivyotarajiwa kwa joto la kiwango kile.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Ahmedabad, India. Mei 2010 joto lilifika nyuzi 46.8 na vifo vikazidi kawaida kwa 1,344. Mwaka 2013 manispaa ikaanzisha mpango wa joto, wa kwanza wa aina yake Asia ya Kusini, na sehemu kubwa ya mpango huo ilikuwa maneno: maonyo yenye rangi, ujumbe kwenye simu, mafunzo kwa wauguzi na wahudumu wa jamii, kila kundi na maelezo yake. Utafiti uliochapishwa 2018 ulikadiria kwamba mpango huo uliepusha vifo 1,190 kwa mwaka, kwa wastani. Na kuna jambo dogo lililotokea katika hospitali moja ya mji huo ambalo sitalisahau. Wodi ya kina mama na watoto wachanga ilikuwa ghorofa ya juu, chini ya paa. Madaktari walipoona vichanga wanaugua kwa joto, wodi ikahamishiwa chini, na watoto waliougua wakapungua. Ghorofa ya juu! Nilipolisoma hilo nilimfikiria bibi yangu na dari lake.

Mpaka hapa nimezungumza kama vile joto ni jambazi lisilotumwa na mtu. Lakini limetumwa, na hapa ndipo kuandika kunapokuwa kugumu, kwa kuwa ni lazima tuseme ukweli wote bila kuuongeza wala kuupunguza. Tukisema "joto hili limeletwa na mabadiliko ya tabianchi" tumerahisisha mno, na mtu mwenye shaka atatuuliza kama zamani hakukuwa na joto. Lilikuwepo. Kilichobadilika ni idadi ya marudio na ukali wake. Jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2021 kwamba joto kali ambalo kabla ya enzi ya viwanda lilitokea kwa wastani mara moja katika miaka kumi, dunia ikiwa imepanda nyuzi 1, linatokea takriban mara tatu katika muda huo. Dunia ikifika nyuzi 1.5 litatokea mara nne, na ikifika nyuzi 2, zaidi ya mara tano. Kuhusu ile Agosti ya Ufaransa, utafiti uliotoka 2004 ulionyesha kwamba shughuli za binadamu ziliongeza uwezekano wa majira ya joto ya namna ile angalau mara mbili. Kuhusu British Columbia wanasayansi walikuwa wakali zaidi: bila ongezeko la joto lililosababishwa na binadamu, tukio lile lilikuwa karibu lisiwezekane.

Napenda neno letu "tabianchi". Kabla halijazoeleka tulisema "mabadiliko ya hali ya hewa", na wengi bado wanasema hivyo, na kila asubuhi ya mawingu mtu alikuwa na haki ya kuuliza joto liko wapi. Hali ya hewa hubadilika kila siku, hiyo ndiyo kazi yake. Tabia ni jambo jingine. Mtu mpole anaweza kukasirika siku moja, hatusemi tabia imebadilika. Akianza kukasirika kila wiki, tunasema. Sihitaji mfano mwingine. Neno lenyewe limebeba hoja nzima, ila tunalipita haraka kama jina la wizara.

Kuna mfano niliokuwa nautumia sana ambao nimeuacha. Nyuzi 1.5 huonekana ndogo, kwa hiyo nilikuwa nasema: mwili ukitoka 37 ukafika 38.5 una homa, basi dunia nayo ina homa. Watu waliitikia kwa vichwa. Lakini homa hushuka. Mgonjwa hulala, hutoka jasho, asubuhi anaomba uji. Hewa ukaa haitoki kwa kulala. Sehemu ya ile tunayoiachia leo itabaki angani kwa karne nyingi, na hata tukiacha kabisa kuiachia joto halirudi lilikotoka, linaacha tu kuzidi kupanda. Mfano wa homa ulimfariji msomaji mahali ambapo hakupaswa kufarijiwa. Mfano mzuri ukishawishi jambo lisilo kweli umefanya madhara, hata kama nia ilikuwa njema.

Kwa sababu hiyohiyo siandiki kwamba dunia inakwisha. Nimeziona makala hizo, naelewa uchungu unaozizaa, na zinanisikitisha. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote tangu vipimo vianze, takriban nyuzi 1.55 juu ya wastani wa kabla ya viwanda kwa mujibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Kipimo hicho kilipotangazwa, wapo walioandika kwamba lengo la Mkataba wa Paris, la kujitahidi dunia isipande zaidi ya nyuzi 1.5, limekufa. Lengo la Paris hupimwa kwa wastani wa miaka mingi, si kwa mwaka mmoja, na kila sehemu ya kumi ya nyuzi tunayoizuia ina watu ndani yake. Ukimtisha mtu ukamwambia hakuna la kufanya, hatashuka ngazi kwenda kumwona jirani. Atafunga simu. Hofu inafaa pale tu unapoiweka mkononi mwa mtu pamoja na kazi anayoweza kuimaliza kabla ya usiku.

Na kazi ya tabianchi ni ya nani? Hapa narudi kwenye msomaji. Bibi hakuchoma makaa ya mawe. Tumezoea kumwandikia mtu wa kawaida, tukimwomba azime taa na apande mti, na kila mara tunapofanya hivyo tunarudia kosa la kumwachia barua aliyelala. Kupanda mti ni vizuri, kivuli chake ni kweli. Lakini mkono ulio kwenye bomba la mafuta, gesi na makaa ya mawe ni wa serikali na makampuni, na maandishi yanayotaka kuzuia joto la miaka ijayo yanapaswa kuutaja uamuzi kwa jina lake, na kusema nani anaufanya na lini. Tarehe 23 Juni 1988 mwanasayansi James Hansen alikaa mbele ya kamati ya seneti ya Marekani akasema ana uhakika wa asilimia 99 kwamba joto linalopanda si bahati nasibu, na kwamba mabadiliko yameshaanza. Maneno machache, namba moja, watu waliokuwa na mamlaka wamekaa mbele yake. Wakati ule kila chembe milioni za hewa zilikuwa na chembe 350 hivi za hewa ukaa. Leo zimezidi 420. Hansen alichagua msomaji sahihi na akasema wazi, na bado haikutosha. Jambo hilo linaniuma, lakini halinifanyi niamini kwamba alikosea. Linanifanya niamini kwamba aliyesema alifanya sehemu yake, na waliosikia wana deni.

Nirudi kwenye ngazi za jengo letu. Msimu uliofuata, utabiri ulipotaja siku tano za fukuto, niliandika tangazo la kubandika mlangoni, nikampelekea bibi alisome kwanza. Nilikuwa nimeandika: "Mjulie hali jirani yako mzee." Akachukua kalamu akaifuta sentensi hiyo.

"Ukiniuliza hali nitasema njema," akasema. "Nitasema njema hata nikiwa nakufa. Ndivyo nilivyolelewa. Nawe pia."

Nilikumbuka jioni ile na jibu lake. Njema tu, mwanangu. Lugha yetu imetufundisha kujibu "nzuri" kabla hatujafikiri, na ni adabu nzuri, lakini joto hujificha ndani yake. Tukakaa mezani tukaliandika upya pamoja, na tangazo likatoka hivi:

"Joto la wiki hii haliishi usiku. Anayeishi juu yako au mlango wa pili anaweza kuwa mgonjwa bila kujua. Nenda kamwone leo jioni, na tena kesho asubuhi. Usimuulize hali. Muulize leo ni siku gani, na mara ya mwisho amekunywa maji saa ngapi. Mshike mkono. Akiwa wa moto na maneno yanachanganyika, piga simu ya dharura, mloweshe mwili mzima kwa maji baridi, mpepee, usimwache peke yake."

Tulibandika nakala moja kila ghorofa. Usiku wa tatu wa joto lile nilikuwa nimelala na mlango wazi, nikasikia viatu vya kijana wa ghorofa ya pili vikipanda, kisha hodi, kisha sauti yake ya uwoga kidogo:

"Shikamoo bibi. Samahani, leo ni siku gani?"

"Marahaba. Jumatano," bibi akajibu. "Na maji nimekunywa saa mbili. Ingia, ushike mkono."